MKALIMANI HOSPITALINI: KAZI YA ULIMI NA UHAI WA MTU

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne



Mwanafunzi wa Kidato cha Nne huulizwa kila siku, "Ukimaliza masomo utafanya kazi gani?" Wengi wetu hujibu upesi: udaktari, ualimu, uhandisi, uwakili. Mimi napenda kuwaelezeni kazi moja ambayo haitajwi sana, ingawa mji wetu wa Tabora umeijua tangu siku za misafara ya wapagazi. Kazi hiyo ni ya ukalimani, na hasa ukalimani wa hospitalini na wa afya ya jamii. Watu hudhani kwamba kila ajuaye lugha mbili ni mkalimani. Sivyo. Kuwa na mikono miwili hakumfanyi mtu fundi seremala.

MAANA YA MANENO

Kwanza yafaa tupambanue maneno. Mfasiri ni mtu achukuaye maandishi ya lugha moja na kuyaandika katika lugha nyingine. Ana meza yake, kamusi yake, na nafasi ya kufuta na kuandika upya. Mkalimani hufanya kazi hiyo kwa mdomo, watu wawili wakiwa mbele yake, na neno likishatoka halifutiki. Zamani aliitwa pia tarjumani. Maneno yote haya yana asili ya Kiarabu, wala si ajabu, kwani pwani yetu na njia ya bara zilikuwa mahali pa lugha nyingi kukutana.

Aliyesoma hapa Tabora kuanzia mwaka 1937 hata 1942, Mwalimu Julius Nyerere, alikuwa mfasiri pia. Mwaka 1963, naye yu kiongozi wa nchi mwenye shughuli nyingi, tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare wa "Julius Caesar" ilitolewa kuwa kitabu cha Kiswahili. Basi asidhani mtu kwamba kazi ya kufasiri ni ya watu waliokosa kazi nyingine.

WAKALIMANI WA NJIA YA MISAFARA

Kabla ya gari la moshi kufika Tabora mwaka 1912, mtu aliyetoka Bagamoyo alikuja kwa miguu. Richard Burton na John Speke walitumia zaidi ya miezi minne kutoka pwani, wakafika hapa, mahali walipopaita Kazeh, mwezi wa Novemba mwaka 1857. Burton alijua Kiarabu, akaweza kuzungumza na wafanyabiashara Waarabu. Speke hakujua Kiarabu wala Kiswahili. Alijua Kihindustani alichojifunza katika jeshi Bara Hindi. Aliyemwokoa ni mtu mmoja jina lake Sidi Mubarak Bombay.

Bombay alikuwa Myao. Alikamatwa utotoni akauzwa utumwani, akapelekwa Bara Hindi, na huko akajifunza Kihindustani. Bwana wake alipokufa aliachwa huru, akarudi Unguja. Lugha aliyoipata katika utumwa ikawa ndiyo chombo chake cha kazi. Alifuatana na Burton na Speke, kisha na Speke na Grant kuanzia 1860, kisha na Stanley mwaka 1871, kisha na Cameron aliyevuka bara zima kutoka mashariki mpaka magharibi akafika pwani ya pili mwaka 1875. Mwaka 1876 Royal Geographical Society ya London ilimpa medali ya fedha na malipo ya uzeeni.

Sasa tazameni jinsi maneno yalivyosafiri. Mwaka 1862, Speke alipokuwa mbele ya Kabaka Mutesa wa Buganda, alisema neno lake kwa Kihindustani. Bombay akaligeuza kwa Kiswahili. Mtu mwingine, Nasib, akaligeuza kwa Kiganda. Jibu nalo likarudi kwa njia ile ile. Neno moja lilipita vinywa kadha kabla ya kufika, mfano wa ndoo ya maji ipokezanwayo na watu waliopanga mstari. Kila mmoja akimwaga kidogo tu, wa mwisho hupokea ndoo nusu.

Habari iliyonipendeza zaidi ni ya ugonjwa. Mwaka 1858, msafara ulipoondoka Tabora kurudi pwani, Speke alishikwa na maumivu makali kifuani, ya kuchoma kama chuma cha moto. Burton aliandika kwamba watu wa msafara waliujua ugonjwa huo wakauita "kichyoma-chyoma", naye akaeleza kwamba maana yake ni "vyuma vidogo". Kwa masikio yetu, msomaji, neno hilo lakaribia sana kitenzi "kuchoma", na hata leo maumivu ya kifua twayaita kichomi. Herufi moja yatosha kuligeuza neno la maumivu kuwa neno la mhunzi. Hapo hapakuwa na hasara, maana mgonjwa alipona. Mahali pengine hasara ilikuwa kubwa, kama nitakavyoonyesha.

MGANGA ALIYETOKA TIMBUKTU

Katika nchi hii ya magharibi alikuwako mtu mwingine ambaye maisha yake yaunganisha tiba na lugha. Jina lake Adrien Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, katika nchi ya Mali ya leo, yapata mwaka 1866. Alitekwa akiwa mtoto, akavushwa jangwa la Sahara, na mapadri waitwao White Fathers wakamkomboa huko Algeria. Walimpeleka kisiwa cha Malta kusomea utabibu. Mwaka 1889 alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, akatibu watu wa huko mpaka alipokufa mwaka 1956. Hiyo ni miaka 67.

Mtu huyu hakuikuta Karema lugha yake ya kuzaliwa. Masomo yake ya utabibu aliyapata katika lugha za Kizungu, na wagonjwa wake hawakuzijua. Hapana budi kila siku ya kazi yake ilikuwa siku ya kufasiri: maumivu ya mgonjwa ayageuze kuwa maneno ya kitabu, na dawa ya kitabu aigeuze kuwa maneno ya nyumbani. Aliishi na watu, akaoa huko huko, akazeeka nao. Kwake yeye mganga na mkalimani walikuwa mtu mmoja.

MITEGO YA MANENO

Wengine watasema, "Hayo ni ya kale. Leo sote twajua Kiswahili." Ni kweli kwamba Kiswahili kimetuunganisha Watanzania, watu wenye lugha zaidi ya 120, na jambo hilo ni la kujivunia. Lakini hata ndani ya Kiswahili chenyewe mna mitego. Nitataja minne.

Mtego wa kwanza ni viungo vya mwili. Sisi twasema "mkono" kwa kiungo chote tangu begani hadi vidoleni, na "mguu" tangu pajani hadi unyayoni. Kiingereza kina maneno mawili kwa kila kimoja. Mgonjwa akisema "mguu waniuma", mkalimani asiyeuliza "wapi hasa?" amekwisha kukisia.

Mtego wa pili ni majina ya magonjwa. Neno "homa" laweza kuwa joto la mwili, laweza kuwa malaria, na kwa wazee wengi laweza kuwa ugonjwa wowote. "Degedege" ni mfano mgumu zaidi. Daktari huona mtoto mwenye malaria kali aliyeshikwa na kifafa cha homa. Wazazi wengine huona jambo la pepo, lisilotibika kwa sindano, wakampeleka mtoto kwa mganga wa kienyeji kwanza. Mkalimani akitaja neno hilo bila kujua lililomo nyuma yake, mama aweza kutikisa kichwa kwa heshima kisha akaenda zake njia nyingine, na saa za kumwokoa mtoto zikapita.

Mtego wa tatu ni saa. Kwetu siku huanza kuhesabiwa jua lichomozapo. Mgeni akiandika kwamba dawa imezwe saa 8 asubuhi kwa hesabu yake, kwetu hiyo ni saa mbili. Mgonjwa asomaye tarakimu 8 ataimeza saa nane mchana.

Mtego wa nne ni maneno yafananayo. Marekani wako mamilioni ya watu wasemao Kihispania, na wafasiri wa huko hupewa onyo hili: neno liandikwalo "once" kwa Kiingereza maana yake ni "mara moja", bali kwa Kihispania maana yake ni "kumi na moja". Karatasi ya dawa iliyofasiriwa nusu nusu yaweza kumfanya mtu ameze vidonge 11 badala ya kimoja.

Tena huko huko Marekani, katika jimbo la Florida, mwaka 1980 kijana wa miaka 18 aliletwa hospitalini hajijui. Jamaa zake walitumia neno la Kihispania "intoxicado", kwa maana ya kwamba amedhuriwa na kitu alichokula. Waganga walisikia neno la Kiingereza lililofanana nalo, wakaamini kwamba kijana amezidisha dawa za kulevya. Kumbe damu ilikuwa ikivuja ubongoni. Ilipogunduliwa, muda ulikuwa umekwisha kupita, na kijana akapooza mikono na miguu. Shauri lilimalizika kwa ahadi ya malipo yaliyokadiriwa kufikia dola milioni 71 kwa maisha yake yote. Kijana hakurudishiwa miguu yake. Na hapo hakuna mtu aliyeomba mkalimani, kwa kuwa kila upande ulidhani umeelewa.

NILIYOYAONA MWENYEWE

Likizo iliyopita nilimsindikiza bibi yangu, mzaa baba, kwenye zahanati moja ya mkoa wetu. Bibi ni Mnyamwezi, na Kiswahili chake ni cha sokoni: chamtosha kununua chumvi na kuuza karanga. Nesi alikuwa dada mpole aliyetoka mkoa wa mbali. Bibi alimwamkia "Mwangaluka", naye akacheka kwa haya, akajibu "Marahaba, bibi", kwa kuwa ndilo alilolijua. Kisha akaniambia, "Haya mjukuu, tusaidie. Muulize bibi anaumwa nini."

Nikamwuliza. Bibi akanitazama, akasema, "Homa tu." Nikamwuliza tena, akaanza utani wake wa siku zote, ati mume wake mdogo amekuwa daktari lini? Watu wa foleni wakacheka. Lakini nilimwona anavyoushika ubavu wake, na nikajua kwamba liko neno asilotaka kulisema mbele ya mjukuu.

Katika foleni alikuwapo mama mmoja, mhudumu wa afya wa kijiji cha jirani. Alinigusa bega akasema, "Mwanangu, wewe kaa hapa. Mambo ya watu wazima hayapitii kinywani mwa mtoto." Akamshika bibi mkono, wakaingia na nesi nyuma ya pazia. Walikaa muda mrefu. Bibi alichokisema humo sikuambiwa, wala sikuuliza mpaka leo.

Walipotoka, nesi alimpa vidonge hapo dirishani, akasema, "Kutwa mara tatu, baada ya chakula." Mimi ningaliifasiri sentensi hiyo bila taabu. Yule mama hakuifasiri. Alimwuliza bibi kwanza kwa Kinyamwezi, "Kwani wewe wala mara ngapi kwa siku?" Bibi akajibu, "Mara mbili. Mchana nakunywa uji ukiwapo." Mama akamgeukia nesi akamweleza. Nesi akafikiri kidogo, akabadili maagizo: kidonge kimoja jua likichomoza, kimoja jua likiwa utosini hata kama ni kwa uji, kimoja jua likizama. Kisha mama akamtaka bibi ayarudie maneno yote kwa kinywa chake mwenyewe, naye akayarudia sawasawa. Baada ya juma moja bibi alikuwa shambani.

Yule mama hakulipwa hata senti moja, na hakuna aliyeandika popote kwamba siku ile alifanya kazi. Toka hapo nikaanza kusoma habari za kazi hii.

KANUNI ZA KAZI

Mwaka 2004 wakalimani wa afya wa Marekani walitoa kanuni za kazi yao kwa nchi nzima. Nimezisoma, na mambo makubwa ya kazi hii naweza kuyaeleza kwa maneno yetu hivi:

1. Sema yote yaliyosemwa. Usiongeze, usipunguze, usipambe. Mgonjwa akitukana, fasiri. Daktari akisitasita, fasiri.

2. Sema kwa nafsi ya msemaji. Mgonjwa akisema "tumbo laniuma", nawe useme "tumbo laniuma", wala si "ati asema tumbo lamwuma". Hivyo daktari na mgonjwa huzungumza wao kwa wao, nawe huwa daraja.

3. Tunza siri. Uliyoyasikia nyuma ya pazia yabaki nyuma ya pazia.

4. Usilolijua, uliza. Aibu ya kuuliza ni ya dakika moja.

5. Usiegemee upande. Lakini uonapo kwamba afya au heshima ya mgonjwa imo hatarini, unayo haki ya kusema.

Kanuni hii ya tano ndiyo imfanyayo mkalimani awe mtetezi. Yule mama alipomwambia nesi kwamba bibi hali mara tatu, alitoka kidogo katika ufasiri akaingia katika utetezi. Alifanya hivyo kwa adabu, bila kumfedhehesha nesi.

Kwa kanuni hizi twafahamu pia kwa nini si vema kumtumia mtoto kuwa mkalimani wa mzazi wake. Mzazi huficha, mtoto huogopa, na habari mbaya humfikia kwanza yule asiyeweza kuibeba.

UTETEZI KATIKA NCHI YETU NA JIRANI

Tanzania si ngeni katika jambo la kuleta elimu ya afya kwa maneno yaeleweayo. Mwaka 1973 ilifanywa kampeni kubwa ya "Mtu ni Afya". Watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu vyepesi, wakajadiliana juu ya malaria, kuhara damu, safura, kichocho na kifua kikuu. Tazameni majina hayo: safura, kichocho. Ni maneno ya watu wenyewe. Kampeni ile ingalitumia majina ya Kilatini isingalifika hata nyumba ya pili.

Hapa Tabora tunayo shule ya viziwi iliyoanzishwa mwaka 1963, ya kwanza ya namna yake nchini. Kiziwi afikapo hospitalini, hata nesi ajue lugha kumi za kusema, hazimfai. Anahitaji mtu ajuaye lugha ya alama. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kimekuwa kikilidai jambo hili, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki ya watu hao kupata huduma za afya. Sheria iko kwenye karatasi. Mkalimani ndiye aiingizaye sheria hiyo ndani ya chumba cha daktari.

Tuendelee na njia ile ile ya misafara kuelekea Kigoma. Katika wilaya ya Kasulu ilifunguliwa kambi ya Nyarugusu mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo. Mwaka 2015 Warundi kwa maelfu walikimbilia Kagunga, kijiji kidogo kando ya Ziwa Tanganyika, na meli ya zamani, Liemba, ikawa inawachukua kuwaleta Kigoma. Kipindupindu kikazuka kati yao, na watu wapatao 30 wakafa. Dawa ya kwanza ya kipindupindu ni maneno: chemsha maji, nawa mikono, mpe mgonjwa maji ya chumvi na sukari upesi. Maneno hayo hayamsaidii mama wa Kirundi akiambiwa kwa lugha asiyoijua.

Huko Kongo ya mashariki Ebola ilitangazwa mwezi wa Agosti 2018 ikamalizika mwezi wa Juni 2020. Watu 3,470 waliugua, na 2,287 walikufa. Watafiti wa lugha walikuta kwamba matangazo mengi yalitumia Kifaransa, au Kiswahili sanifu kama hiki chetu, nao watu walielewa zaidi Kinande na Kiswahili chao cha Kongo. Hili latufundisha unyenyekevu. Kiswahili tunachopatia alama nzuri darasani si lazima kiwe ndicho kimfaacho mgonjwa.

Chama kimoja kilichojishughulisha na utafiti huo, Translators without Borders, kilifungua nyumba ya kuwafunza wafasiri wa mambo ya afya Nairobi mwaka 2012. Hiki ni chama kisichotafuta faida. Tangu 2021 kimo ndani ya shirika liitwalo CLEAR Global.

Na Marekani je? Sheria ya Haki za Raia ya mwaka 1964 ilikataza kumbagua mtu kwa asili ya taifa lake mahali panapopokea fedha za serikali kuu. Mwaka 1974, katika shauri la watoto wa Kichina wa San Francisco waliokuwa wakifundishwa kwa lugha wasiyoielewa, Mahakama Kuu iliamua kwamba shule haikuwatendea haki. Kutoka hapo watetezi wakajenga hoja kwamba hata hospitali haiwezi kumwacha mgonjwa gizani kwa sababu ya lugha yake. Ndiyo maana huko mfasiri wa Kihispania aweza kuanza kazi kitandani pa mgonjwa, akaendelea kuandika vitabu vya afya, mwishowe akasimama mbele ya wakuu kudai haki za wagonjwa. Siku hizi Kiswahili nacho ni lugha ya kazi hiyo, kwa kuwa wakimbizi wengi kutoka Kongo wamehamia huko.

PINGAMIZI

Nilipolieleza jambo hili katika mdahalo wa bweni letu, rafiki yangu mmoja alipinga. Alisema, "Zahanati nyingine haina hata nesi wa pili. Utawezaje kuiajiria wakalimani wa lugha 120?" Hoja yake ni nzito, nami sikuipuuza.

Jibu langu ni kwamba hatuhitaji kuanza na ajira mpya. Kwanza, kila hospitali na iandike orodha ya watumishi wake na lugha wanazozijua. Huenda mpishi ni Msukuma na mlinzi ni Muha, nao wakifundishwa zile kanuni tano waweza kusaidia. Pili, wahudumu wa afya ya jamii, ambao tayari wanatembelea nyumba za watu, wafundishwe ukalimani katika mafunzo yao. Tatu, kila mgonjwa aombwe kurudia maagizo ya dawa kwa maneno yake mwenyewe kabla hajaondoka dirishani. Hili halina gharama ila dakika mbili. Nne, hospitali kubwa za mikoa ziwe na mtu mmoja angalau ajuaye lugha ya alama.

Rafiki yangu alikubali la tatu mara moja. La kwanza alilikubali nusu, akasema mlinzi hulinda siri za lango, si za wagonjwa. Labda ana haki, ndiyo maana mafunzo ni lazima.

KUJIANDAA KWA KAZI HII

Mwanafunzi apendaye kazi hii na afanye nini? Asome Kiswahili na Kiingereza kwa bidii, na Biolojia asiitupe, maana huwezi kufasiri ini usipojua ini li wapi. Ajifunze lugha ya bibi yake angali hai. Baadaye aweza kwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako Taasisi ya Taaluma za Kiswahili hufundisha tafsiri na ukalimani. Tena liko Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, lililoundwa mwaka 1967, ambalo hushughulika na istilahi na tafsiri. Lugha ya alama twaweza kuanza kujifunza hapa hapa mjini, kwa kuzungumza na wenzetu wa shule ya viziwi siku za michezo.

Wahenga walisema, "Ulimi hauna mfupa." Hujipinda upesi, na kwa kujipinda kwake mtu aweza kuponyeka au kuangamia. Wazazi mkimpeleka mgonjwa hospitalini, ombeni mtu mzima ajuaye lugha yake, msione haya. Walimu wetu, tunaomba neno hili liwekwe katika midahalo ya muhula ujao.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Mfasiri na mkalimani hutofautianaje katika kazi zao?
2. Taja maneno matatu ya lugha ya kwenu yahusuyo ugonjwa ambayo hayana neno moja la Kiswahili. Ungeyaelezaje kwa daktari?
3. Mgonjwa akuambia siri kisha akukataza usimwambie daktari. Utafanya nini?
4. Sidi Mubarak Bombay na Adrien Atiman wote walitekwa utotoni. Lugha walizojifunza mbali na kwao ziliwasaidiaje watu wengine?